Bruce McLaren: Fundi Aliyetaka Gari la Mbio Litembee Barabarani

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Jumapili moja moja watu hukaa mbele ya runinga wakitazama magari ya mbio za Formula One yakipita kama risasi. Mojawapo ya magari hayo huitwa McLaren. Ukimwuliza mtu McLaren ni nini, atakujibu upesi kwamba ni gari. Kumbe ni jina la mtu! Tena alikuwa mtu aliyechechemea, mwana wa mwenye gereji kutoka nchi ndogo iliyo mwisho wa dunia, na aliyeaga akiwa na umri wa miaka 32 tu. Tulia basi, ndugu msomaji, nikusimulie habari zake. Zaidi ya yote nataka kukusimulia juu ya jambo moja alilolitamani sana na ambalo hakulimaliza: kulichukua gari la mbio, lisilojua ila uwanja wa mashindano, na kulifanya gari ambalo mtu anaweza kulipeleka dukani.

Bruce Leslie McLaren alizaliwa tarehe 30 Agosti 1937 katika jiji la Auckland, nchini New Zealand. Babake, Mzee Les McLaren, alikuwa na kituo cha petroli na gereji katika mtaa wa Remuera. Mzee huyo naye alikuwa mpenzi wa mashindano, kwani ujanani alishindana kwa pikipiki. Kwa hiyo Bruce alikulia katika harufu ya petroli na grisi. Watoto wengine walipocheza na vigari vya mabati, yeye alikuwa akiwaangalia mafundi wa babake wakifungua injini na kuzifunga tena. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, Bruce alianza kuchechemea na kulalamika maumivu ya nyonga. Madaktari walipompima wakagundua kwamba ana ugonjwa uitwao Perthes. Katika ugonjwa huu damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, na mfupa huo hulainika na kuharibika. Dawa ya siku zile ilikuwa moja tu, yaani kutoukanyagia mguu kabisa. Kijana wa watu akapelekwa katika makao ya watoto walemavu ya Wilson Home, hapo Takapuna, akalazwa na kufungwa kwenye fremu ili asiweze kusimama. Alikaa hivyo karibu miaka miwili. Hebu fikiria, mtoto wa miaka tisa au kumi, wenzake wanacheza mpira nje naye anayahesabu mabati ya dari! Alipotoka huko alikuwa akitembea, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Alichechemea mpaka siku ya kufa kwake. Michezo ya kukimbia na kurukaruka ikawa imempita.

Haikupita muda mrefu babake akanunua kigari kikuukuu, Austin Seven ya aina ya Ulster, kilichoundwa mwaka 1929. Kigari hicho kilikuwa kimefunguliwa vipande vipande. Nia ya mzee ilikuwa kukiunganisha na kukiuza apate faida kidogo. Bruce akamsihi asikiuze. Mzee akakubali, na baba na mwana wakaanza kazi. Ilikuwa kazi ya miezi mingi ya kusugua kutu, kutafuta vipuri, kurekebisha breki na kufunga injini. Mwisho wa yote kikanguruma. Bruce akajifunza kukiendesha, na kabla hajatimiza miaka kumi na sita akawa ameshaingia katika shindano lake la kwanza, la kupanda kilima.

Naomba ukikumbuke kigari hiki, kwa sababu ndicho kiini cha masimulizi yetu. Austin Ulster ilikuwa na viti viwili, taa na madigadi, na iliweza kwenda mjini. Lakini siku ya mashindano iliingia uwanjani na kushindana. Gari moja, kazi mbili. Ndivyo ilivyokuwa zamani zile. Mtu aliweza kwenda kazini kwa gari lake siku za juma, na Jumamosi akashindana nalo, jioni akarudi nyumbani akiwa ndani ya gari lilo hilo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Magari ya mbio yalizidi kuwa ya mbio tu. Gari la kiti kimoja la miaka ya 1950 lilikuwa jembamba kama mtumbwi. Dereva alikaa katikati peke yake, magurudumu yote manne yakiwa nje wazi, bila madigadi, bila taa, bila honi, bila mlango, bila paa. Bomba lake la moshi halikuwa na kitu cha kupunguza sauti. Gari kama hilo likitoka barabarani, polisi wa kwanza atakayeliona atalisimamisha. Sisi tumezoea magari ya Safari Rally, ambayo yana nambari za usajili kwa sababu hupita pia katika barabara za umma. Gari la kiti kimoja halina nambari ya usajili, na hupelekwa uwanjani likiwa limebebwa na gari lingine kama mgonjwa.

Bruce alisomea ufundi katika chuo cha Seddon Memorial, kisha akaingia chuo kikuu hapo Auckland kusomea uhandisi. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye usukani. Mwaka 1958 chama cha mbio cha New Zealand kilianzisha mpango wa kumpeleka Ulaya kila mwaka dereva kijana mwenye kipawa. Bruce ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa. Alimjua tayari Jack Brabham, dereva wa Australia ambaye alizoea kufikia kwa familia ya McLaren kila alipokuja kushindana New Zealand. Brabham alikuwa akiendeshea kampuni ya Cooper ya Uingereza, naye akamshika kijana huyu mkono na kumwonyesha njia.

Mwaka uo huo wa 1958, katika mashindano ya Ujerumani, Bruce aliingia na gari dogo la Formula Two likichanganywa na yale makubwa. Akamaliza wa tano kwa jumla na wa kwanza katika kundi lake. Watu wakaanza kuuliza kijana huyu ametoka wapi. Mwaka uliofuata kampuni ya Cooper ikamwajiri kama dereva pamoja na Brabham.

Tarehe 12 Desemba 1959 ilikuwa siku ya kihistoria. Mashindano ya mwisho ya mwaka yalifanyika Sebring, Marekani. Brabham alikuwa akiongoza na McLaren akimfuata. Zikiwa zimesalia dakika chache tu, gari la Brabham likaishiwa na petroli! Bruce akampita na kushinda, huku mwenzake akishuka na kulisukuma gari lake kwa mikono mpaka kwenye mstari. Brabham alimaliza wa nne na akawa bingwa wa dunia. Naye Bruce, akiwa na umri wa miaka 22, akawa dereva mdogo kuliko wote waliowahi kushinda shindano la Grand Prix. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 40, hadi Fernando Alonso wa Uhispania alipoivunja mwaka 2003. Mwaka 1960 Bruce alimaliza wa pili duniani, na mwaka 1962 akashinda Monaco. Mwaka 1961 alikuwa amefunga pingu za maisha na Patricia, ambaye watu walimwita Patty. Baadaye wakajaliwa binti mmoja, Amanda.

Hata hivyo Bruce hakuridhika na kuendesha peke yake. Alikuwa dereva mwenye akili ya fundi. Gari likimsumbua alitaka kujua ni kwa nini. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Bruce McLaren Motor Racing. Karakana yao ya mwanzo huko New Malden, kusini-magharibi mwa London, haikuwa kitu cha kujivunia. Ilikuwa banda lenye sakafu ya udongo, tena walishiriki banda hilo na tingatinga la kusawazisha barabara. Mafundi walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Fundi wa jua kali angeliona banda lile angejihisi yuko nyumbani.

Msiba uliwapiga mapema. Mwanzoni mwa 1964 walikwenda kushindana New Zealand na Australia, Bruce pamoja na kijana wa Kimarekani, Tim Mayer, rafiki yake. Tarehe 28 Februari, huko Longford katika kisiwa cha Tasmania, Mayer alipata ajali katika mazoezi akafa papo hapo. Bruce aliumia sana moyoni. Aliandika maneno ya kumwaga rafiki yake, na waliomfahamu Bruce walikuja kuyakumbuka miaka sita baadaye. Nduguye marehemu, Teddy Mayer, hakuondoka. Alibaki na kampuni, na akawa nguzo yake.

Sasa tufike kwenye gari lililomfungulia Bruce mlango. Gari hili lina visa vyake, kwani lilizaliwa likiwa la kiti kimoja.

Mwaka 1961, katika mashindano ya Watkins Glen huko Marekani, gari moja la Cooper la Formula One liliharibika vibaya. Dereva wake, Walt Hansgen, alinusurika. Kijana mmoja Mmarekani aliyeitwa Roger Penske akalinunua lile gofu la gari. Wakati huo Marekani kulikuwa na mashindano ya magari ya michezo yenye zawadi nono za pesa. Sheria zake zilidai gari liwe na bodi inayofunika magurudumu, na liwe na nafasi ya abiria. Penske akawaza hivi: gari la kiti kimoja ni jepesi na lina mbio kuliko gari lolote la michezo. Je, nikilivisha tu nguo za gari la michezo?

Akafanya hivyo. Chesisi ikanyooshwa, ikatiwa injini ya Climax ya lita 2.7, kisha bodi pana ya aluminiamu ikavikwa juu yake ili kufunika magurudumu. Dereva aliendelea kukaa katikati kama zamani. Na kiti cha abiria? Kilikuwepo, lakini kilikuwa kidogo mno, kimebanwa pembeni na kufichwa chini ya kifuniko cha bati. Mtu mzima hangeweza kukaa humo hata kwa kusukumwa. Lakini sheria haikusema abiria awe mnene au mwembamba! Gari likaitwa Zerex Special, kutokana na jina la dawa ya kutia kwenye radieta ambayo watengenezaji wake walimdhamini Penske. Mwaka 1962 likashinda Riverside na Laguna Seca, mashindano makubwa yenye zawadi kubwa. Washindani wake wakapiga kelele kweli kweli. Wakubwa wa mchezo wakaamua kwamba viti viwe viwili vya haki, kwa hiyo mwaka 1963 gari likakatwa tena, na dereva akahamishwa upande mmoja.

Mwaka 1964 gari hilo likaangukia mikononi mwa Bruce McLaren, akalinunua. Kwanza alishindana nalo Uingereza likiwa na injini ile ile ya Climax, na akashinda. Lakini jicho lake la fundi liliona kasoro. Chesisi ile ilikuwa imekatwa na kuunganishwa mara nyingi hata ikakosa uthabiti, na injini ilikuwa imefika mwisho wa nguvu zake. Mafundi wake, Tyler Alexander na Wally Willmott, wakaikata sehemu yote ya katikati na kuchomelea mabomba mapya. Wakaitoa Climax yenye silinda nne, wakatia Oldsmobile ya Marekani yenye silinda nane. Injini hiyo ilikuwa ya aluminiamu, kwa hiyo ilikuwa kubwa lakini si nzito. Rangi iliyopatikana ya kupaka chesisi ilikuwa ya kijani, ya kupakia malango ya bustani. Wakaipaka hiyo hiyo. Juni 1964 wakalipeleka gari Mosport, Kanada, na katika shindano lake la kwanza na injini mpya likashinda.

Hapo ndipo Bruce alipopata somo. Gofu la gari la kiti kimoja, lililotupwa na mwenyewe, likivishwa na kukatwa na kuchomelewa, linaweza kuwa gari la michezo linaloshinda dunia. Mwisho wa mwaka huo akaunda gari lake mwenyewe la michezo, M1A, akiitumia elimu aliyoipata pale. Ndilo babu wa magari yote ya michezo ya McLaren.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Mwaka 1966 Bruce na mwananchi mwenzake Chris Amon walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, wakiendeshea kampuni ya Ford. Mwaka 1967, katika mashindano ya Can-Am ya Kanada na Marekani, gari lake jipya M6A lenye rangi ya chungwa lilishinda mara tano katika mashindano sita, na Bruce akawa bingwa. Mwaka 1968 bingwa alikuwa mwenzake Denny Hulme, naye ni wa New Zealand. Mwaka 1969 timu yao ilishinda mashindano yote 11, na Bruce akawa bingwa tena. Wapinzani wakabaki kugombania nafasi ya tatu.

Katika Formula One pia mambo yalimwendea vyema. Tarehe 9 Juni 1968, huko Spa nchini Ubelgiji, Bruce alivuka mstari akidhani kwamba amekuwa wa pili. Hakujua kuwa Jackie Stewart aliyekuwa akiongoza alikuwa ameishiwa na petroli. Ilibidi aambiwe na watu kwamba ameshinda! Akawa mtu wa tatu, baada ya Brabham na Dan Gurney, kushinda Grand Prix katika gari lenye jina lake mwenyewe.

Mtu mwingine angetosheka. Lakini Bruce alikuwa na ndoto moja zaidi, nayo ilimrudisha kwenye kile kigari cha Austin cha utotoni. Alitaka kuunda gari la barabarani lenye damu ya mbio.

Mwanzoni jambo hili lilikuwa la mashindano tu. Alifikiri kulifunika lile gari la M6 kwa paa, liweze kuingia katika mbio ndefu za Ulaya kama vile Le Mans. Wakubwa wa mchezo wakataka kwanza yaundwe magari 50. Kampuni ndogo kama ile ingezitoa wapi pesa na mikono ya kuunda magari 50? Mpango ukafa. Lakini Bruce hakulitupa wazo. Akasema moyoni kwamba ikiwa haliwezi kwenda Le Mans, basi litakwenda madukani na mabarabarani. Gari hilo likaitwa M6GT.

Je, gari la mbio hugeuzwaje kuwa la barabarani? Usidhani ni kubandika taa tu. Kwanza kuna injini. Injini ya Can-Am ilikuwa kali mno. Ilitaka kuzunguka kwa kasi kubwa wakati wote, na katika msongamano ingechemka na kuzimika. Kwa hiyo ilitiwa Chevrolet ya lita 5.7, nguvu bado nyingi lakini yenye subira kidogo. Pili, kuna macho na sauti. Sheria za barabarani zadai taa za mbele na nyuma, indiketa, taa za breki, honi, wipa, vioo vya kutazama nyuma, na bomba la moshi lisiloamsha kijiji kizima. Kwa sababu pua ya gari ilikuwa chini sana, taa za mbele zilifichwa ndani ya bodi zikawa zinainuliwa zinapohitajika. Tatu, kuna watu. Katika gari la mbio dereva huruka juu ya ubavu akaingia, na mvua ikinyesha inamnyeshea. Gari la barabarani lataka paa, milango na kiti cha abiria cha haki, si kile cha Penske cha kufichwa chini ya bati! Nne, kuna barabara yenyewe. Uwanja wa mbio ni laini kama meza, lakini barabara ina mashimo na matuta, na gari la mbio tumbo lake karibu linagusa lami.

Magari ya M6GT yaliyoundwa yalikuwa machache mno. Moja, lenye rangi nyekundu, alilichukua Bruce mwenyewe. Likasajiliwa kwa nambari OBH 500H, na akawa analitumia kila siku kutoka nyumbani Surrey hadi karakana yao ya Colnbrook, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa akilijaribu. Kila alipofika kazini alikuwa na orodha ya mambo ya kurekebisha. Lilikuwa na uzito chini ya tani moja na liliweza kukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Wakati ule magari ya barabarani yaliyoweza kufanya hivyo yalikuwa ya kuhesabika. Bruce alitumaini kuunda magari 250 kila mwaka na kuyauza. Fikiria mtu anayelala akiwaza Formula One, Can-Am na Indianapolis, na bado asubuhi anashika usukani wa gari la majaribio, katikati ya malori na mabasi, akisikiliza kama kuna mlio usiofaa!

Binadamu hupanga, Mungu hupangua. Jumanne tarehe 2 Juni 1970 Bruce alikwenda kwenye uwanja wa Goodwood, kusini mwa Uingereza, kulijaribu gari jipya la Can-Am, M8D. Ilikuwa kazi ya kawaida kabisa, kuzunguka, kusimama, kurekebisha, kuzunguka tena. Karibu na saa ya chakula cha mchana, alipokuwa kwa kasi kubwa kwenye sehemu iliyonyooka, kifuniko cha nyuma cha bodi kiling'oka. Kifuniko hicho ndicho kilichokuwa kikiyafanya magurudumu ya nyuma yashike barabara kwa nguvu za upepo. Gari likapoteza mwelekeo, likazunguka na kugonga kibanda cha waangalizi. Bruce alikufa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 32, akaacha mjane na mtoto mdogo.

Habari hizo zilipofika Colnbrook, wanaume wazima walilia. Teddy Mayer aliwaambia wafanyakazi wakae nyumbani kesho yake. Lakini asubuhi walipotazamana, kumbe wote wamekuja kazini! Denny Hulme alikuwa na vidonda vya moto mikononi, kwa kuwa mwezi uliotangulia aliungua huko Indianapolis. Hata hivyo alishika usukani. Tarehe 14 Juni, siku kumi na mbili tu baada ya msiba, timu ilikuwa Mosport, na Dan Gurney aliyechukua kiti cha marehemu akashinda. Mwisho wa mwaka Hulme akawa bingwa wa Can-Am.

Lakini M6GT hakuna aliyeiendeleza. Timu ilibanwa na mashindano, na aliyekuwa na ndoto ya gari la barabarani hakuwepo. Nyekundu ile ikabaki kama barua iliyoandikwa nusu.

Miaka 22 ilipita. Mwaka 1992 kampuni ya McLaren ilionyesha ulimwengu gari lake la kwanza la barabarani la kuuzwa, likaitwa F1. Msanifu wake alikuwa Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. Na unajua dereva alikaa wapi? Katikati! Kama katika gari la mbio la kiti kimoja, na abiria wawili wakakaa nyuma yake kidogo, mmoja kila upande. Yaliundwa 106 kwa jumla, na mwaka 1998 moja likakimbia zaidi ya kilomita 380 kwa saa. Ajabu ni kwamba gari hili liliundwa kwa ajili ya barabara, lakini mwaka 1995 lilipelekwa Le Mans, nalo likashinda. Bruce alitaka kulitoa gari uwanjani likaingia barabarani. Warithi wake walilitoa barabarani likaingia uwanjani.

Ndugu msomaji, kuna wanaoona magari kuwa anasa za matajiri, na pengine wana haki. Lakini mimi nikimfikiria Bruce McLaren simfikirii akiwa juu ya jukwaa la washindi. Ninamwona mtoto amefungwa kitandani, akiwa hajui kama atatembea tena. Kisha ninaliona banda lenye sakafu ya udongo na watu watatu wakichomelea gofu la gari la mtu mwingine. Hakungoja apate kila kitu ndipo aanze. Alianza na kilichokuwepo: kigari kibovu cha babake, gofu la Penske, rangi ya malango. Sisi wanafunzi mara nyingi husema hatuna maabara, hatuna vitabu, hatuna hiki wala kile. Ni kweli hatuna. Hata yeye hakuwa navyo, na mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Siku nyingine utakapoliona jina hilo kwenye runinga, usiseme tena kwamba ni gari.